Jinsi ya kuomba nafasi ya PT kama unasoma uinjinia: barua, masijala mpaka logibuku

Wale mnaosoma uinjinia, iwe CoET (chuo cha uhandisi cha UDSM) pale Mlimani, DIT, MUST Mbeya au UDOM, PT, yaani mafunzo kwa vitendo, haikwepeki, inahesabiwa kama masomo mengine na usipoifanya humalizi chuo. CoET ni wiki 8 kila baada ya mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, vyuo vingine vinapishana kidogo kwa muda na hata kwa jina, wengine wanaiita fildi wengine IPT, ila njia ya kuomba ni ileile karibu kila sehemu. Naielezea hapa yote maana kila mwaka ikifika mwezi wa sita unaona watu wanazunguka na bahasha za kaki juani wakati ofisi nyingi zimeshagawa nafasi zake kitambo.

Anza mwezi wa pili au wa tatu. Najua unawaza testi na UE (mtihani wa mwisho wa muhula), lakini barua ya serikalini inatembea taratibu sana, inatoka masijala (ofisi inayopokea barua) inaenda kwa bosi, bosi anaandika maelekezo pembeni kwa kalamu, inashuka kwa afisa utumishi, inaenda kwa injinia kuulizwa kama ana nafasi, inarudi, na hapo katikati kuna Pasaka, kuna semina, kuna bosi kasafiri Dodoma.

Kabla hujaandika chochote jua PT unayoenda ni ya ngapi. Ya kwanza unategemewa ufanye kazi za fundi mchundo, ushike spana, uchomelee, uvute waya, usuke nondo. Ya pili unapanda kwenye kazi za fundi sanifu, kupima, kukagua, kusoma michoro. Ya tatu ndio unakaa karibu na injinia uone ratiba ya mradi inavyopangwa, BOQ (orodha ya kazi, vifaa na gharama zake) inavyosomwa, na kwanini kitu kilichochorwa vizuri ofisini kinagoma saiti. Sasa mtu wa mwaka wa kwanza anang'ang'ania makao makuu ya shirika akapangwe ofisi yenye AC, anamaliza wiki 8 anatoa fotokopi, halafu anashangaa logibuku (daftari la kazi za kila siku) haina cha kuandika.

Hapo kwenye kuchagua sehemu ndio wengi wanapotea. Kila mtu anaandika TANESCO, TANROADS (wa barabara kuu na za mikoa) na bandarini, na wote wanapeleka Dar. Hayo mashirika yana ofisi mikoani jamani! TANROADS ina meneja kila mkoa, TARURA (wa barabara za vijijini na mijini) wapo mpaka wilayani, TANESCO hivyohivyo, na kwenye maji ukiacha DAWASA kuna mamlaka za mikoa kama MWAUWASA ya Mwanza na kuna RUWASA kwa vijijini. Ofisi ya wilaya ina mainjinia wachache na kazi nyingi, ukifika wanakuchukua kwenye gari siku hiyohiyo.

Watu wa mekaniko ndio nawashangaa zaidi, kuna karakana za TEMESA zinazotengeneza magari ya serikali, kuna karakana ya reli Morogoro, kuna TAZARA Mbeya, Arusha kuna TEMDO na CAMARTEC ambao kazi yao ni kubuni na kutengeneza mashine kabisa, Kibaha kuna Nyumbu, kituo cha teknolojia ya magari, ila watu wanazisahau. Na kama una ndugu Moshi au Kilombero fikiria viwanda vya sukari. Miezi ya PT inaangukia msimu wa kusaga miwa kwahiyo kiwanda kinakuwa kinakimbia usiku na mchana, makapi ya miwa yanachomwa kwenye boila, mvuke unazungusha tabaini, umeme unatoka hapohapo, na mvuke uliobaki unakwenda kupika sukari. Mtu wa mekaniko, wa umeme na wa kemikali wote wanapata kazi ndani ya uzio mmoja, sijui unataka nini zaidi. Migodini kuzuri pia ila waombaji ni wengi, weka kama ombi la nyongeza usilitegemee peke yake.

Cha muhimu kuliko jina la kampuni, jiulize utalala wapi. Sehemu nyingi hawalipi chochote, wakijitahidi sana ni chai au usafiri wa kwenda saiti. Wenye mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo) wenye kipengele cha mafunzo kwa vitendo kuna bumu (hela ya mkopo) la PT, ila linategemea umepangiwa nini kwenye mgao wako na umesaini kwa wakati, na likichelewa mwenye nyumba hakuelewi. Kwahiyo mkoa wenye shangazi au mjomba unaushinda mkoa wenye kampuni kubwa ambako humjui mtu. Mpigie mapema, umwombe kwa heshima, usimshtukize na begi mlangoni.

Haya, makaratasi. Unaanza na barua ya utambulisho kutoka chuoni, inatolewa na ofisi ya mratibu wa PT au idara yako, ina jina lako, namba ya usajili, kozi, mwaka na tarehe za PT kuanza mpaka kuisha. Angalia tarehe na jina kabla hujatoka pale mlangoni, jina likipishana na kitambulisho utarudishwa. Unaweka na kopi ya kitambulisho cha chuo, CV ya ukurasa mmoja (mmoja tu, hobi za kuogelea hazihitajiki), matokeo ya mihula iliyopita kama wanayataka, namba ya NIDA na kadi ya bima ya afya. Juu ya yote inakaa barua yako ya maombi. Kwa taasisi ya umma andika kwa Kiswahili fupi namna hii:

Mkurugenzi Mtendaji / Meneja wa Mkoa,
(Jina la taasisi),
S.L.P. ...

YAH: MAOMBI YA NAFASI YA MAFUNZO KWA VITENDO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.
Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Shahada ya Uhandisi Umeme katika Chuo cha ... Naomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika ofisi yako kwa wiki nane kuanzia tarehe ... hadi tarehe ...
Ningependa kujifunza matengenezo ya njia za usambazaji na transfoma, kwa kuwa nimeshasoma mashine za umeme darasani. Nitajitegemea kwa malazi na nitakuwa na vifaa vyangu vya kujikinga.
Nimeambatanisha barua ya utambulisho ya chuo, wasifu wangu na nakala ya kitambulisho.
Natanguliza shukrani.

Chini saini, jina, namba ya simu inayopatikana. Imeisha. Ile sentensi ya kujifunza nini ndio inayokutofautisha na wengine, maana barua nyingi zimekopiwa stashenari moja hadi jina la kampuni iliyopita linabaki humo ndani. Na ile ya kujitegemea malazi na vifaa iandike tu kama ni kweli, inampunguzia afisa utumishi maswali.

Kampuni binafsi wengi wanapokea kwa imeili au kwenye tovuti yao, hapo unganisha makaratasi yote kwenye PDF moja yenye jina lako, usitume picha sita za simu zimelala ubavu. Taasisi nyingine zina mfumo wao wa maombi mtandaoni, angalia kwanza kwenye tovuti yao usije ukasafiri bure. Omba sehemu tatu mpaka tano za aina tofauti, mfano shirika moja la umma, kiwanda kimoja, mkandarasi mmoja.

Sasa masijala. Barua ya mkono haiachwi kwa mlinzi getini wala kwa mtu uliyemkuta kwenye korido anasema atakufikishia. Unakwenda masijala na kopi mbili, moja inabaki, ya pili unaomba igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ukae nayo. Uliza na namba ya kumbukumbu kama wameiingiza kwenye daftari, andika kwenye simu. Ukiwa na hiyo namba mazungumzo ya wiki mbili baadaye yanakuwa mafupi:

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu."
"Samahani mama, nafuatilia barua yangu ya PT, niliileta tarehe 4 Machi, kumbukumbu namba ni hii hapa."
"Ngoja niangalie... imeshapanda kwa injinia wa mkoa, jaribu Alhamisi, muulize yule kaka wa chumba cha pili kulia."

Bila namba utaambiwa "faili halionekani" na kweli halitaonekana. Na huyo mama wa masijala mheshimu sana, anajua barua ya kila mtu iko meza gani kuliko hata bosi mwenyewe. Kufuatilia mara moja kwa wiki kunatosha, kila siku unakuwa kero. Konekisheni zipo, tusidanganyane, ukiwa na kaka wa mtaani anafanya kazi pale mwombe akuulizie barua imefika wapi, hilo halina shida, ila mtu akikwambia utoe hela ya fomu au ya "kuharakisha" ujue unapigwa. Nafasi ya PT hainunuliwi.

Ukikubaliwa utapewa barua au utajaziwa fomu ya chuo, hakikisha ina jina la supavaiza wa kiwandani, simu yake, mahali halisi pa kazi na muhuri. Mahali halisi namaanisha saiti yenyewe, maana ukiandika "TANROADS Mbeya" wakati upo kwenye barabara kilomita 90 kutoka mjini, mwalimu akija kukukagua atafika ofisi ya mkoa asikukute, na ziara ya mwalimu ina maksi. Peleka kopi kwa mratibu au ingiza kwenye mfumo wa chuo kabla ya deadilaini. Ukipata sehemu mbili chagua moja halafu hiyo nyingine waandikie mapema kwamba huji, kuna mwenzako anaisubiri hiyo nafasi, na ukikaa kimya wanakumbuka jina la chuo chako. Ukibadilisha sehemu baada ya kujisajili taarifu idara kwa maandishi, usiishie kumwambia CR (kiongozi wa darasa).

Wenye supu (mtihani wa marudio) angalieni kalenda ya chuo, mtihani unaweza kuangukia kabla PT haijaisha au mara tu inapoisha, mwambie supavaiza siku ya kwanza kabisa na umwoneshe ratiba.

Vifaa: buti za usalama, helmeti, reflekta, ovaroli. Mkandarasi anaweza kukupa, anaweza asikupe, uliza kabla. Kama unanunua weka hela kwenye buti, reflekta hata ya bei rahisi inafaa. Wadada nunueni buti za saizi yenu mapema maana stoo za saiti mara nyingi zina namba 42 kwenda juu, na mtu akikusumbua huko, awe fundi awe bosi, mpigie mratibu wa PT siku hiyohiyo, chuo kinaweza kukuhamisha sehemu bila wewe kupoteza PT.

Logibuku sasa. Hii inajazwa kila siku jioni, na mwisho wa wiki supavaiza anasaini na kugonga muhuri. Ukiiacha mpaka wiki ya saba utakuwa unatunga, na mwalimu anajua, rangi moja ya kalamu kurasa zote na mwandiko wa haraka. Cheki tofauti. Mmoja kaandika: "Leo tulifanya matengenezo ya transfoma." Mwingine kaandika: "Transfoma kVA 200, 11/0.4 kV, wateja hawana umeme. Fyuzi moja ya upande wa 11 kV imekatika. Laini imekatwa, imepimwa kuwa haina umeme, imewekwa athi. Tumepima insulesheni kwa mega, iko sawa. Chanzo: tawi la mwembe limegusa laini. Tawi limekatwa, fyuzi mpya, umeme umerudi." Wote walikuwa gari moja siku moja. Huyo wa pili anageuza ukurasa anachora mchoro wa laini kutoka nguzoni mpaka kwa mteja, na ripoti yake ya mwisho imeshaanza kujiandika yenyewe. Picha piga kwa ruhusa tu, kuna sehemu kama sabsteshini na bandarini kupiga picha ni kesi.

Halafu kuna watu wanachanganya PT na SEAP. SEAP ni mafunzo ya ERB, bodi inayosajili wahandisi, ilianza 2003, ni ya mtu aliyeshamaliza digrii anayejiandaa kusajiliwa kama injinia na inachukua miaka mitatu, usiandike SEAP kwenye barua ya PT utapelekwa dirisha lisilo lako.

Wiki ya mwisho usiondoke kimyakimya. Mpe supavaiza fomu ya tathmini mapema wiki ya saba, siyo Ijumaa saa tisa mchana wakati yupo saiti na muhuri umefungiwa droo. Fomu hiyo mara nyingi inarudi kwenye bahasha iliyofungwa, usiifungue hata kama inakuwasha. Mwombe pia barua fupi ya kuthibitisha umefanya PT pale, utaihitaji kwenye CV. Skani logibuku yote kabla hujaikabidhi chuoni, ziko nyingi zinazopotea kwenye makabati ya idara na matokeo yakitoka na "incomplete" utatakiwa uoneshe ushahidi.