Kabla ya kuanza somo la kufanya maamuzi kwa kompyuta

Muhula ukikaribia, wanafunzi wanaokuja Dodoma kusomea kompyuta huulizia kwanza laptopu: ya aina gani, yenye nguvu kiasi gani. Kwa somo hili, laptopu ya kawaida inatosha. Kinachokwamisha wengi ni kutozoea kuliandika tatizo likaonekana lote: tunaamua nini, nini kinatubana, na tunataka kipi kiongezeke au kipungue. Jizoeze hilo mapema, kwa Kiswahili chako, kabla ya kugusa programu yoyote.

Chukua mfano wa shamba na uufanye kwa mkono. Familia moja Kongwa ina ekari 10 na nguvu kazi ya siku 140 kwa msimu. Ekari ya alizeti inadai siku 20 na kuleta shilingi 300,000. Ya mtama siku 10 na shilingi 200,000. (Namba hizi ni za zoezi; za kweli kaziulize kwa wakulima, utajifunza mengi njiani.) Ukipanda alizeti tupu, nguvu kazi inaisha kwenye ekari ya 7, unapata 2,100,000. Mtama mtupu ni 2,000,000. Sasa chora mistari miwili ya vizuizi (mmoja wa ekari, mmoja wa siku za kazi) uone inapokatana: ekari 4 za alizeti na 6 za mtama, shilingi 2,400,000.

Wengi walikutana na mchoro kama huo kidato cha nne, wakaishia kwenye jibu. Usiishie hapo. Uliza: nikiongeza siku moja ya kazi, napata nini zaidi? Shilingi 10,000, kwa sababu sehemu ya kumi ya ekari inahama kutoka mtama kwenda alizeti. Basi kumwajiri kibarua wa 8,000 kwa siku kuna faida, wa 12,000 ni hasara. Mwalimu ajiandae kufika kwenye swali hili wiki ya kwanza, maana hapo ndipo mwanafunzi anapoona hesabu ikimsaidia mtu kuamua.

Mazao yakiwa kumi na masoko matano, grafu haifai tena. Mwaka 1939 Leonid Kantorovich, mwanahisabati wa Muungano wa Kisovyeti, alilishughulikia tatizo la namna hii kwa ajili ya kiwanda cha mbao za plai huko Leningrad (sasa St. Petersburg), na mwaka 1947 George Dantzig wa Marekani akabuni simpleksi, njia inayohama kutoka kona hadi kona ya eneo linaloruhusiwa hadi ifike penye jibu bora. Rudia aljebra na matriki, vinginevyo utaiona kama mazingaombwe.

Rudia pia hesabu za uwezekano (probability). Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na mvua inaweza kukatika alizeti ikiwa inachanua. Ile 300,000 ya ekari ya alizeti haina uhakika. Kokotoa mpango kwa mwaka mzuri, kisha kwa mwaka wa ukame, na umuulize mwenye shamba hasara gani anaweza kuibeba. Hilo kompyuta haiwezi kumjibia.

Vifaa havina makuu. LibreOffice Calc ni ya bure na ina kitatuzi (Solver), zana inayokutafutia jibu bora, ndani yake. Cha Excel lazima ukiwashe kwanza kwenye programu-nyongeza (Add-ins). Anayetaka lugha ya programu ya Python apakue pia SciPy, maktaba yake ya hesabu, akiwa na mtandao mzuri. Mwalimu aweke vyote kwenye flashi na kuvijaribu kwenye kompyuta zilezile za maabara, intaneti ikiwa imezimwa.