Funika mwisho kwanza: namna ya kusoma kisa cha kampuni kubwa

Ukitaka kisa cha kampuni kubwa kikufae, anza kwa kufunika mwisho wake. Funika kweli, kwa karatasi au kwa kiganja. Darasa langu la jioni hapa Malindi lina wenye tuktuk, mama karanga (wale wanaokaanga na kuuza samaki), watunza stoo wa hoteli za Casuarina na vijana wa duka la simu, na wote wakishajua kampuni ilianguka huwa werevu kuliko bodi nzima. "Mwalimu, hawa walikuwa wajinga tu." Somo limekwisha hapo. Ukishamwita mtu mjinga, huna tena haja ya kujua alikuwa akifikiri nini.

Chukua Kenya Airways, maana hapa kila mtu ana lake la kusema juu yake. Mimi hulisoma mpaka 2012 kisha nafunga daftari. Shirika lilibinafsishwa 1996 na KLM, shirika la ndege la Uholanzi, wakaingia kwa asilimia 26 ya hisa. Biashara Afrika inakua, Ethiopian Airlines wanaongeza ndege, mashirika ya Ghuba yanawabeba abiria mbele ya macho yako. Mezani kuna mpango wa miaka 10, unaitwa Mawingu, wa kuongeza ndege na vituo, na ndani yake mna Boeing 787 mpya. Wewe ndiye mwenyekiti wa bodi. Unatia sahihi au hutii?

Andika jibu lako, na sababu zako, kabla ya kugeuza ukurasa. Kwangu wengi hutia sahihi, na wale waliokuwa na maneno makali ndio huwa wa kwanza kuomba kalamu.

Sasa fungua. Agosti 2013 uwanja wa ndege wa Nairobi unashika moto. Septemba ni shambulio la kigaidi la Westgate, Nairobi. Juni 2014 ni shambulio la Mpeketoni, Lamu, na huku kwetu hakuna haja ya kueleza mahoteli yalibakije. Agosti 2014, kwa sababu ya Ebola, safari za Monrovia na Freetown zinasitishwa. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015 unafungwa na hasara ya shilingi bilioni 25.7, na unaofuata bilioni 26.2.

Hapa piga mstari katikati ya karatasi. Upande mmoja andika "Yaliyowajia", upande wa pili "Waliyoyachagua". Ebola ni ya upande wa kwanza, haina ubishi. Ndege zilizochukuliwa kwa deni ni za upande wa pili. Deni lenyewe sehemu kubwa lilikuwa la dola, na shilingi ikaja kuteleza 2015: kuteleza kwa shilingi kuliwajia, lakini kukopa kwa dola walichagua. Kitu kimoja kinaweza kukaa pande zote mbili, na hapo ndipo darasa huanza kupiga kelele. Waache wapige.

Kelele kubwa kuliko zote huwa za mafuta. Shirika la ndege huweza kufunga bei ya mafuta mapema kwa mkataba, ili bei ikipanda lisiumie. Bei ikishuka, unabaki umefungwa na bei ya juu. Nusu ya pili ya 2014 mafuta yalianguka kutoka juu ya dola 100 kwa pipa hadi chini ya 50 mapema 2015, na mikataba ile ikawagharimu. "Nani angejua?" huuliza mtu. Swali zuri, kwa hiyo rudi nyuma. Mwaka ulioishia Machi 2009 shirika hilo hilo lilipata hasara, na mikataba ya mafuta ndiyo ilikuwa sababu kubwa. Somo lilikuwa limeshalipiwa ada.

Katika kila kisa mimi huitafuta tarehe kama hiyo, siku ambayo habari ilikuwa tayari nyumbani. Kodak, wauza filamu za kamera, hawakuambiwa na jirani kwamba kamera za dijitali zinakuja. Mhandisi wao Steven Sasson aliitengeneza ya kwanza 1975, na kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Januari 2012. Katikati pana miaka 37. Ukishaipata tarehe, uliza ni nani aliyejua, alimwambia nani, na mwenye kusikia angepoteza nini kama angekubali. Filamu ndiyo iliyokuwa ikiwalipa mishahara. Hao hawakuwa wajinga.

Hatua inayofuata wengi huiruka: badilisha kiti. Visa vingi vimeandikwa kutoka kiti cha mkurugenzi mkuu, na wewe unayeuza mayai au maembe hutakikalia leo wala kesho. Nakumatt, yale maduka makubwa, isome ukiwa msambazaji. Wana matawi zaidi ya 60 katika nchi nne, jina kubwa, oda nono. Malipo yanaanza kuchelewa. Unaendelea kupeleka mzigo kwa sababu ukikatisha, lile deni la nyuma utalidai kwa nani? Mwaka 2017 rafu zikawa tupu, na Januari 2020 wadai wakapiga kura kampuni ifilisiwe. Mama karanga mmoja alilisikiliza lote akasema, "Mimi nikikopesha hoteli samaki, siku ya pili isipolipa sishuki ufukweni kwa ajili yake." Nilimwambia aliandike vile vile alivyolisema, maana hiyo ndiyo sera ya mikopo, tena fupi kuliko za benki.

Kisha kipunguze kisa kiwe kimo chako. Mwenye tuktuk mbili anataka kukopa aongeze tatu kabla Waitaliano hawajafika Agosti. Mawingu ile ile. Mwambie aandike rejesho la kila mwezi, halafu kando yake mapato ya Mei, mvua zikinyesha na barabara ya Lamu haina mgeni. Agosti usimwulize, anaijua kwa moyo.

Pa kusoma: kampuni zilizo kwenye soko la hisa la Nairobi huchapisha ripoti ya mwaka, bure. Ruka picha na barua ya mwenyekiti. Anza na maneno ya mkaguzi, kisha ukurasa wa mtiririko wa fedha taslimu, ndipo uje kwenye faida. Kwa Kenya Airways kuna pia uchunguzi wa kamati ya Seneti wa 2015, iliyoongozwa na Anyang' Nyong'o. Na ukipenda kisa kilichogeuka, shirika hilo lilitangaza faida ya bilioni 5.4 kwa mwaka 2024. Zoezi zuri ni kupiga ule mstari wa katikati tena, safari hii kwa faida.

Wiki ijayo tunafanya Uchumi, yale maduka makubwa. Ukitaka kutangulia, soma mpaka Juni 2006 inapowekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni, kisha mpaka 2011 inaporudi soko la hisa. Funika hapo. Kuna matawi Uganda na Tanzania yanayotaka mtaji. Unayapa kiasi gani, na ni dalili ipi itakayokufanya uyafunge?