Chumvi kwanza, ndo upange mboga kwenye tati

Kwa wanaooka ile tati ya mboga ya Kifaransa (pai ya wazi, isiyofunikwa juu), ya zukini, karoti na bilinganya zilizozungushwa kama ua, ukishakata vipande virefu vyembamba kwa kimenyeo usivipange hapohapo, nyunyizia chumvi kidogo, weka kwenye chujio kama nusu saa hivi, halafu futa kwa kitambaa kikavu, we bonyeza tu usiogope. Chumvi inavuta maji nje kabla oveni haijayatoa, maana zukini na bilinganya ni maji matupu, yakitokea ndani ya oveni yanashukia kwenye ganda, ule unga wa chini unaobeba mboga, na chini panabaki bichibichi hata kama juu pamependeza. Na kingine, kipande kikishalegea kinajikunja bila kuvunjika, ua linakaa, hasa lile la katikati ambalo linatesa watu wengi.

Karoti ni mbishi, ikiwa nene kidogo tu chumvi haiisaidii, itumbukize maji ya moto dakika moja uipoze. Nyanya zilizoiva sana nazo toa mbegu kwanza la sivyo bure. Mayai na krimu ya ndani usiongeze chumvi tena, jibini nayo ina yake. Ila kama ganda hukulioka peke yake kwanza, au siagi ishayeyuka kwenye unga wa ganda kabla ya kuoka kwa hili joto la Dar (rudisha friji jamani), hapo hata utoe maji yote chini patalowa tu.