Kabla Hujahama Windows: Kisoma Skrini Kiandaliwe Mapema

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma zake za kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa katika miji yetu hazitimizi masharti ya Windows 11, hasa lile la kuwa na TPM 2.0 (chipu ya usalama), na wenye nazo wanaambiwa wahamie Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Ushauri huo ni mzuri, ila mara nyingi unatoka kwa watu wanaoitazama skrini. Kwa asiyeona, swali la kwanza ni kama sauti itakuwepo tangu kompyuta inapowaka, na la pili ni kama vidole vitaweza kuielekeza.

Namwandikia hasa anayetumia NVDA, kisoma skrini cha Windows, yaani programu inayomsomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini, na anayekwenda Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, ambako kisoma skrini kinaitwa Orca. Kabla ya lolote ajue kwamba mipangilio ya NVDA haifunguki kwenye Orca. Hakuna faili la kubeba. Kinachowezekana ni kuanza kuhama ukiwa bado Windows, kidogo kidogo, wiki kadhaa kabla, ili siku ya kusakinisha Linux iwe mambo mengi umekwisha kuyazoea.

Anza na sauti, kwa kuwa sikio ndilo linalochelewa kuliko vidole. Ukiwa Windows huenda unasikiliza sauti za Microsoft, ambazo ni laini na zinafanana na za watu. Hizo zitabaki huko huko. Lakini ndani ya NVDA kuna sintesaiza, yaani programu inayotengeneza sauti ya kusoma, inayoitwa eSpeak NG, na hiyo hiyo ndiyo ambayo Orca huitumia kwa kawaida. Bonyeza kitufe cha NVDA (kwa kawaida Insert) pamoja na Control na S, uichague leo, uishi nayo. Siku za mwanzo itakukwaruza masikio. Ni sauti ya mashine na haijifichi. Baadaye utagundua faida yake: ukiiharakisha sana, maneno bado yanasikika moja moja. Tena inasoma Kiswahili. Hilo kwangu lina uzito mkubwa, maana sauti ya Kiingereza hulisoma “pole” na “wake” kama maneno ya Kiingereza, na “ng'ombe” huliharibu kabisa, hadi unalazimika kusoma herufi kwa herufi barua ambayo ungeimaliza kwa dakika moja.

Kasi nayo usiihamishe kwa namba. NVDA inaipima kutoka 0 hadi 100, Orca nayo ina kipimo chake, na 60 ya huku haina uhusiano na 60 ya kule, hasa ikiwa umewasha ile nyongeza ya kasi ya NVDA. Chukua ukurasa mmoja wa maandishi unaoufahamu, usomewe wote, uhesabu sekunde. Ukifika Linux, usomeshe ukurasa ule ule na urekebishe mpaka sekunde zilingane. Hapo utakuwa umehamisha kasi ya sikio lako.

Jambo la pili ni kitufe cha amri. Kompyuta mpakato nyingi hazina Insert iliyo mahali pazuri, na nyingine hazina kabisa. Caps Lock inakubaliwa na NVDA, inakubaliwa na Orca, na hata VoiceOver, kisoma skrini cha Mac, inaikubali. Ukiizoesha mkono wako Caps Lock sasa, umeaga usumbufu mmoja kwa mifumo yote mitatu. Anayetumia kibodi kubwa yenye namba pembeni ana bahati ya ziada: 7, 8 na 9 humsomea mstari uliotangulia, uliopo na unaofuata, 4, 5 na 6 ni za maneno, 1, 2 na 3 ni za herufi. Ni hivyo kwenye NVDA, na ni hivyo kwenye Orca, mradi Num Lock imezimwa.

Panapoumiza ni pale ambapo amri inafanana lakini kazi ni tofauti. Kitufe cha NVDA pamoja na kitufe cha nafasi, yaani kile kirefu cha chini, hukuhamisha kutoka kusoma ukurasa hadi kujaza fomu. Kwenye Orca mchanganyiko huo hufungua dirisha la mipangilio, na kuhama kwenda kwenye fomu kunafanywa na kitufe cha Orca pamoja na herufi A. Herufi T ya NVDA hutaja jina la dirisha. T ya Orca hutaja saa. Usijilazimishe kukariri jedwali zima. Kariri njia ya kuuliza: NVDA na 1 huwasha hali ya kujifunza vitufe, na kwenye Orca ni H. Ukiwa katika hali hiyo kila kitufe unachogusa kinajitaja kazi yake bila kuifanya, na Escape hukutoa. Wapo wanaojaribu kuibadili Orca amri kwa amri hadi ifanane na NVDA. Mimi siwashauri. Siku ukipata tatizo na kuomba msaada, maelekezo yote utakayopewa yatakuwa ya amri za asili, nawe utakuwa umezifuta.

Programu za kazi zenyewe unaweza kuzihama ungali Windows, na hapa pana nafuu kubwa. Firefox, LibreOffice na Thunderbird zote zipo pande zote mbili. Acha Word, andika barua zako katika LibreOffice Writer huku NVDA ikiwa bado msaidizi wako, ili usijifunze programu mpya na kisoma skrini kipya kwa wakati mmoja. Ndani ya Firefox, H itaendelea kukurusha kwenye vichwa na K kwenye viungo hata ukiwa na Orca. Orodha ya vichwa, ambayo NVDA huitoa kwa kitufe cha NVDA na F7, Orca huitoa kwa Alt, Shift na H.

Halafu kuna kamusi ya matamshi. Kama umeitumia NVDA kwa muda, umeifundisha mengi: kwamba “n.k.” isomwe “na kadhalika”, kwamba “Tsh” ni shilingi, kwamba jina la mwajiri wako litamkwe hivi na si vile. Yote yako katika folda ya speechDicts, ndani ya folda ya nvda, katika AppData ya mtumiaji, na ni maandishi ya kawaida unayoweza kuyafungua na kuyanakili. Orca ina ukurasa wake wa matamshi, ila utayaingiza upya kwa mkono, na inalinganisha neno kwa neno. Zile kanuni za ruwaza, zinazolenga umbo la maandishi badala ya neno moja, ambazo NVDA inazielewa zitabidi uzivunje ziwe maneno ya kawaida. Chagua yale unayokutana nayo kila siku, mengine yaache.

Katika faili hilo hilo la maandishi orodhesha mipangilio yako: kiwango cha alama za uandishi, kama unasomewa kila herufi au kila neno unapoandika, herufi kubwa zinatangazwaje. Viwango vya alama ni rahisi, kwa kuwa pande zote mbili kuna cha kutosoma alama yoyote, baadhi, nyingi, na zote. Faili lipeleke kwenye simu. Lisibaki kwenye kompyuta unayotaka kuifuta. Tengeneza pia nakala ya kubebeka ya NVDA kwenye flashi, kupitia menyu ya zana, ukikubali ichukue na mipangilio yako. Kesho ukikaa kwenye kompyuta ya Windows ya mtu mwingine, utaichomeka na kuikuta NVDA yako ilivyo.

Viongezi vya NVDA, yaani programu ndogo za kuiongezea uwezo, havivuki. Kabla ya kuhama jiulize ni kipi kinachokufanyia kazi kweli, kisha utafute mbadala wake mapema. Linalowashtua wengi ni usomaji wa picha: NVDA na R husoma maandishi yaliyo ndani ya picha kwa kuitumia Windows, na Orca yenyewe haina amri ya namna hiyo. Ikiwa kazini unapokea nyaraka zilizoskaniwa, hakikisha umeweka programu ya kutambua maandishi, kwa mfano OCRFeeder, na umeijaribu kwa waraka halisi.

Sasa yaje yale mapito ya kimya. Kompyuta inapowaka kabla ya mfumo wowote, pale unapochagua ianzie kwenye flashi, hakuna kisoma skrini kinachosema. Kitufe cha kuifikia menyu hiyo hutofautiana kwa watengenezaji. Panga mtu mwenye kuona awe karibu, au utumie Be My Eyes, programu ya simu inayokuunganisha na mtu anayeona. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kulinda data, chukua mapema ule ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, kwani kubadili mipangilio ya kuwasha kompyuta kunaweza kuifanya iudai. Ukichagua diski ya Linux nayo ifungwe kwa nywila, jua kwamba nywila hiyo utaiandika kabla Orca haijaanza, bila kusikia chochote. Na ukurasa wa kuingia una mipangilio yake mbali na ya akaunti yako. Bonyeza Super, Alt na S pale pale ili Orca izungumze. Super ni kile kitufe chenye alama ya Windows. Weka karibu vipokea sauti vya waya, maana vya Bluetooth huenda visiunganike kabla hujaingia.

Ubuntu inaweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows, na hatua hii nakusihi usiiruke. Iwashe, bonyeza Super, Alt na S, kisha sikiliza. Sauti inatoka kwenye spika, au imepelekwa kwenye waya wa HDMI? Wi-Fi inakamata? Caps Lock inafanya kazi kama kitufe cha Orca? Mwenye kionyeshi cha breli akichomeke wakati huo huo; Linux hukihudumia kwa programu iitwayo BRLTTY, na ni heri ujue leo kama nukta zinainuka.

Anayekwenda Mac ana mzigo mwepesi wa kusakinisha, kwa sababu VoiceOver imo ndani ya mfumo tangu 2005, na Command na F5 huiwasha. Mzigo wake uko kwenye mwendo: VoiceOver inakutaka uingie ndani ya jedwali au upau wa zana, ufanye kazi, kisha utoke, jambo ambalo NVDA haikukufundisha. Fanya mafunzo yake ya ndani kwa Control, Option, Command na F8 kabla ya kubadili kitu chochote.

Usiifute Windows wiki ya kwanza. Ikiwa diski ina nafasi, sakinisha Linux kando yake. Kisha fanya kwa Orca peke yake yale yanayokuingizia riziki: jibu barua pepe yenye kiambatisho, jaza fomu ya serikali mtandaoni hadi kitufe cha mwisho, fungua jedwali la hesabu na utaje kiasi kilicho kwenye kisanduku unachokitaka, ingia benki na utoke. Lile litakalokukwamisha lirudie kesho yake, na Windows iache mahali pake hadi ulimalize bila msaada wa mtu.