Jinsi Dalali wa Nyumba wa Texas Anavyoweza Kusikilizwa na Bunge la Jimbo

Mwongozo huu ninauandika kwa madalali wa nyumba wanaozungumza Kiswahili hapa Texas, hususan wenzangu wa Dallas na Fort Worth, ambao wana leseni na wateja lakini hawajawahi kukanyaga jengo la Bunge la jimbo mjini Austin. Mambo mengi yanayoigusa kazi yetu huamuliwa huko, si Washington. Muswada wa Seneti namba 1968, uliopitishwa mwaka 2025, ndio uliotuletea masharti mapya ya kuandikiana na mnunuzi kabla ya kumwonyesha nyumba, yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2026. Wengi wetu tuliusikia ulipokwisha kuwa sheria, wakati ambapo hatukuwa na la kufanya ila kujaza fomu mpya.

Hatua ya kwanza: ifahamu kalenda

Bunge la Texas hukutana katika kikao cha kawaida kila mwaka wenye namba witiri, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari, kwa muda usiozidi siku 140. Gavana anaweza kuitisha kikao maalumu cha siku 30, lakini yeye ndiye anayepanga mada zake. Miswada huanza kupokelewa mwezi Novemba kabla ya kikao, na baada ya siku 60 za mwanzo ni vigumu sana kuingiza muswada mpya wa kawaida. Katika kikao cha mwaka 2025 iliwasilishwa miswada zaidi ya 8,000, kwa hiyo anayefika Aprili na wazo jipya anakuta milango imefungwa. Kazi yenyewe hufanyika mwaka usio na kikao, katika ofisi ya mbunge iliyo mtaani kwenu, ambako ana nafasi ya kukaa na kukusikiliza.

Hatua ya pili: mjue mwakilishi wako, na wa nyumba unazouza

Baraza la Wawakilishi lina wajumbe 150 na Seneti ina 31. Tovuti ya Bunge hukuonyesha wawakilishi wako ukiandika anwani, lakini usiishie kwenye anwani ya nyumbani kwako. Nilipokwenda Austin kwa mara ya kwanza nilieleza kwa urefu masaibu ya familia moja niliyoiuzia nyumba, na msaidizi wa mbunge akaniuliza swali moja tu: nyumba hiyo iko katika eneo la nani? Sikujua, na mazungumzo yakaishia hapo. Tangu siku hiyo, kila ninapofunga mauzo ninaandika kwenye daftari anwani, eneo la uwakilishi na tatizo lililojitokeza, kama lipo. Hakuna nyenzo iliyonisaidia kuliko daftari hilo.

Hatua ya tatu: ijue mipaka yako ya kisheria

Hapa nawaomba mwe waangalifu sana, kwa sababu wengi wetu ni wahamiaji. Mwenye ukaazi wa kudumu haruhusiwi kupiga kura katika chaguzi za Texas, na kujaribu kufanya hivyo kunaweza kumharibia kabisa hali yake ya uhamiaji. Hata hivyo, anaruhusiwa kumwandikia mbunge, kumtembelea na kutoa ushahidi mbele ya kamati, na sheria ya shirikisho inamruhusu pia kuchangia fedha za siasa. Asiye raia wala mkaazi wa kudumu asichangie hata dola moja, iwe kwa mgombea wa jimbo, wa mji au wa taifa.

Chama cha madalali cha jimbo, Texas Realtors, kina mfuko wa siasa uitwao TREPAC, na kuuchangia ni hiari. Mchango utoke mfukoni mwako, kwa kuwa sheria ya Texas inakataza mashirika ya kibiashara kuwachangia wagombea, na kamwe usimkabidhi mtu mchango ndani ya jengo la Bunge. Wabunge wenyewe hawaruhusiwi kupokea michango kuanzia siku 30 kabla ya kikao cha kawaida hadi siku 20 baada ya kumalizika kwake. Tena, anayelipwa ili kuwashawishi wabunge huweza kutakiwa kujisajili kwenye Tume ya Maadili ya Texas. Wewe unayesema maoni yako bila malipo si mmoja wa kundi hilo.

Hatua ya nne: andaa jambo moja, kwa ukurasa mmoja

Dalali anapofika na madai matano, hakuna linalokumbukwa. Chagua moja, na ulieleze kwa hesabu ambayo msaidizi wa mbunge anaweza kuirudia mbele ya bosi wake bila wewe kuwepo. Mfano mzuri ni msamaha wa kodi ya shule kwa nyumba anayoishi mwenyewe, yaani kiasi kinachoondolewa kwenye thamani ya nyumba kabla ya kodi kukokotolewa, ambao mwaka 2023 ulipandishwa kutoka dola 40,000 hadi 100,000, na mwaka 2025 hadi 140,000. Chukua nyumba iliyothaminiwa dola 300,000, katika wilaya ya shule inayotoza dola 1 kwa kila dola 100. Kwa msamaha wa 100,000 mwenye nyumba hulipa dola 2,000. Kwa ule wa 140,000 hulipa 1,600. Tofauti hiyo ya dola 400 ni takribani dola 33 kwa mwezi, na kwa familia inayojibana kulipa mkopo hizo si fedha ndogo.

Baada ya hesabu, weka kisa kimoja cha mteja, kwa idhini yake na bila kumtaja jina. Mimi huwaeleza wabunge kwamba wateja wangu wengi wanaozungumza Kiswahili hawajui kuwa msamaha huu huombwa kwenye ofisi ya uthamini ya kaunti, na kwamba kuuomba ni bure, hivyo wapo wanaolipa kodi kamili kwa kutojua tu. Hilo ni jambo ambalo mshawishi wa kulipwa hawezi kuliona, kwa kuwa hakai mezani na wateja hao. Ukurasa wako umalizike kwa ombi lililo wazi: namba ya muswada, na kama unamtaka mbunge auunge mkono, aukatae au aurekebishe. Ombi linalonufaisha kamisheni yetu peke yake hutambulika mara moja, nashauri liachwe.

Hatua ya tano: toa ushahidi mbele ya kamati

Ujisajili ukiwa ndani ya jengo la Bunge, uchague kama unaunga mkono, unapinga au unaeleza tu, na useme unamwakilisha nani. Usiseme unakiwakilisha chama kama hakijakutuma. Mara nyingi mwenyekiti hutoa dakika 2 au 3, nawe unaweza kungoja kuanzia asubuhi hadi usiku. Taja jina lako, mji wako na msimamo wako katika sentensi ya kwanza, kisha toa hesabu, kisha kisa. Ukiulizwa usilolijua, ahidi kulituma kwa maandishi, na ulitume kesho yake.

Hatua ya sita: ufuatilie muswada hadi mwisho

Muswada ukivuka kamati kwenye Baraza la Wawakilishi hupelekwa kwenye kamati ya ratiba, na huko mingi hufia kimyakimya. Huo ndio wakati wa kupiga simu tena. Ukipitishwa na gavana akausaini, kwa kawaida huanza kutumika tarehe 1 Septemba. Lakini jambo linalobadilisha katiba ya jimbo, kama msamaha wa dola 140,000, lazima lipigiwe kura na wananchi, na hilo lilifanyika Novemba 2025. Wateja wako walio raia wanahitaji kuelezwa mapema karatasi ya kura inauliza nini, kwa lugha wanayoielewa, na kukumbushwa kwamba Texas huwataka wajiandikishe angalau siku 30 kabla ya siku ya kupiga kura.