Faili lako la matibabu liwe kwenye simu yako, fanya hivi

Ukitibiwa Dar halafu ukaumwa ukiwa Mwanza, daktari wa kule anaanza na wewe moja kwa moja kutoka sifuri: unatumia dawa gani, ulipimwa nini, lini, na wengi wetu tunajibu "vile vidonge vyeupe vidogo". Hapo ndo watu wanarudishwa maabara kupima kitu kilekile na hela inaondoka, wakati simu iko mfukoni.

Huhitaji programu ya kulipia. Fungua albamu kwenye picha zako, ipe jina lako, na kila ukitoka hospitali piga picha cheti na majibu ya vipimo kabla hujapanda daladala, juani au kwenye mwanga mzuri, tarehe ionekane. Kama unamhudumia mama au baba basi na yeye awe na albamu yake, usichanganye.

Dawa ndo penye kazi. Piga picha boksi pale palipoandikwa jina halisi la dawa na miligramu, mfano Amlodipine 5 mg, maana jina la kampuni linabadilika na ukivuka Namanga unaweza kukuta boksi jingine kabisa. Mzio pia uandike vizuri, kama ni salfa andika salfa, usiandike Septrin (dawa yenye salfa) peke yake, kwa sababu hata SP wanayopewa wajawazito kliniki kuzuia malaria ina salfa ndani yake, na anayesoma kwa haraka asije akadhani tatizo lako ni Septrin tu.

Wenye presha na sukari andikeni namba kwenye Notes za simu, tarehe na saa. Presha namba zote mbili, ya juu na ya chini, ukiwa umekaa ukapumzika kama dakika tano. Sukari weka na kipimo chake jamani, mashine nyingine zinasoma mmol/L nyingine mg/dL, kwa hiyo 7 ya huku na 126 ya kule ni sukari ileile, ukiandika namba tupu unamchanganya daktari.

Halafu jaza taarifa za dharura, zile zinazoonekana hata simu ikiwa imefungwa. Android nyingi ziko kwenye mipangilio, sehemu ya usalama na dharura, na kwa iPhone ni kwenye programu ya Health. Weka mzio, dawa, ugonjwa wa kudumu na namba ya ndugu, kundi la damu pia kama ulipima kweli. Mwenye kitochi aandike meseji aihifadhi, na karatasi moja ikae kwenye pochi.

Kuhusu siri, Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania ilitunga yake 2022, ila picha ya majibu yako ukishaitupa kwenye grupu la ukoo hakuna sheria itakayoirudisha. Weka pini, fanya bekapu kwenye akaunti yako, mtumie mtu mmoja tu unayemwamini. Ukifika kwa daktari fungua mwenyewe picha anayoitaka, usimwachie mtu simu nzima.

Kadi ya kliniki ya mtoto piga picha pande zote kila baada ya chanjo, na kadi yenyewe usiitupe, kliniki bado wataidai.