Somo: Umeona mwanga wa ajabu angani Moshi au Arusha? Uchunguze hivi kabla hujasema ni UFO (kitu kinachoruka kisichotambulika)

Wakuu habarini. Kwenye magrupu ya huku kila mara inazunguka video ya mwanga mkali upande wa Meru, watu wanachachamaa, huyu viumbe wa sayari nyingine yule dalili za siku za mwisho, na hamna hata mmoja aliyetaja saa ngapi na alikua amesimama wapi. Inaniuma kweli, maana bila hivyo viwili hakuna mtu anaweza kukuambia umeona nini.

Jeshi la anga la Marekani liliifanya hii kazi 1947 mpaka 1969, toka 1952 mradi ukiitwa Project Blue Book. Ripoti 12,618, zilizobaki hazijatambulika 701. Nyingi zilikuja kuwa nyota, sayari, vimondo, maputo na ndege. Na sisi twende hivyohivyo.

Hatua ya 1. Andika hapohapo saa, upande na urefu. Nyoosha mkono ukunje ngumi, ngumi moja ni kama digrii 10, hesabu ngumi ngapi toka usawa wa ardhi.

Hatua ya 2. Egemea ukuta, upange huo mwanga na ncha ya nguzo ya umeme. Ukikodolea nukta moja gizani jicho lenyewe linakuonyesha inachezacheza wakati imetulia. Subiri dakika 20. Kama ni nyota au sayari itakua imesogea kama digrii 5 hivi, nusu ngumi basi.

Hatua ya 3. Anza na sayari ya Zuhura (Venus), huyu ndo mshukiwa mkuu. Haiachani na jua zaidi ya digrii 47, kwahiyo utaiona magharibi jioni au mashariki alfajiri, saa sita usiku huku kwetu haipo kabisa. Ukiwa Moshi ikizama jioni inashukia upande uleule wa Meru, na ikifika chini hewa inaitetemesha mpaka inatoa nyekundu, kijani, bluu. Hapo ndo simu zinatolewa mifukoni.

Hatua ya 4. Ndege za KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Ndege ikikujia uso kwa uso na taa za kutua zimewaka inaonekana imesimama tu hewani, halafu ikikata kona mwanga unazima ghafla.

Hatua ya 5. Taa nyingi zimepangana mstari mmoja kimyakimya ni setilaiti za intaneti za Starlink, zilianza kurushwa kwa mafungu 2019. Zikipotea moja moja zimeingia kwenye kivuli cha dunia. Mchana ukiona sahani juu ya Kibo ni wingu, upepo unapanda mlima unapoa mvuke unakua wingu, ukishuka upande wa pili linayeyuka, ndo maana halisogei.

MASWALI

Mdau wa Pasua: Mkuu mimi huo mwanga ulinifuata nikiwa kwenye boda toka Rau mpaka nyumbani, sayari inafuata mtu?

Jibu: Kitu cha mbali sana hakibaki nyuma kaka, kama mwezi ukiwa kwenye daladala. Ohio 1966 mapolisi walifukuzana na mwanga kwa gari mpaka wakaingia Pennsylvania, Blue Book ikasema ni setilaiti kisha Zuhura. Wenyewe walikataa, ila ndo jibu lililotolewa.

Dada wa Njiro: Na marubani je? Wao si wamesomea?

Jibu: Wanadanganyika pia dada. Kapteni Thomas Mantell alikufa Januari 1948 kule Kentucky akipanda kukifuata kitu angani. Kwanza ilisemwa Zuhura, baadaye maelezo yaliyokaa vizuri ni puto kubwa la Skyhook, lilikua siri ya jeshi la majini. Kwahiyo hata jibu la wakubwa lihoji.

Mdau wa Sakina: Hizo 701 basi ndo wenyewe?

Jibu: Hapana, ni kwamba hazikutambulika tu. Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, ilitoa ripoti nyingine 2024, ushahidi wa viumbe wa sayari nyingine hawakuukuta.

Mdau wa Kibosho: Niliona mwaka jana, naweza kujua leo?

Jibu: Ndio, shusha Stellarium, programu ya ramani ya anga, weka Moshi, rudisha tarehe na saa, inakuonyesha anga lilivyokua dakika hiyo. Saa unaikumbuka?